Muvi ya mapenzi inayoendeshwa na bili ya hospitali. Njooni tubishane

chai_rangi (mleta uzi)

Wasee wa Nairobi, nimekuja na ubishi. Kuna hii muvi ya kitambo, As Good as It Gets, ya 1997, director ni James L. Brooks, wengi mnaijua kwa sababu ya Jack Nicholson na kale kambwa. Kila mtu akiiongelea anasema ni stori ya mzee mkorofi ambaye mapenzi yalimbadilisha. Mi nakataa. Hiyo muvi inasukumwa na bili ya hospitali mwanzo mpaka mwisho, toa bili ubaki na mzee anakula mayai meza ile ile kila asubuhi mpaka siku atakufa.

Kwa wale hawajaiona. Melvin Udall, ndio huyo Nicholson, ni mwandishi wa riwaya za mapenzi, pesa anazo, anaishi peke yake kwa ghorofa huko Manhattan. Anaandika mapenzi siku nzima na hakuna binadamu anaweza kukaa naye dakika tano. Ako na OCD, ule ugonjwa wa akili wa kurudia rudia vitu bila kutaka, akifunga mlango lazima azungushe kufuli kwa hesabu, sabuni anaosha nayo mara moja anatupa anafungua ingine, akitembea hakanyagi mistari ya pevumenti, akienda hoteli anabeba vijiko vyake vya plastiki. Na mdomo sasa, wueh. Anatukana Wayahudi, anatukana watu weusi, anatukana jirani yake Simon ambaye ni mchoraji na ni shoga, na muvi hata haijashika kasi ashachukua kambwa ka Simon akakatupa kwa ile shimo ya takataka ya ghorofa. Weita mmoja tu ndiye anamvumilia, Carol, ndio huyo Helen Hunt. Singo matha, anatoka Brooklyn, anaishi na mathake na kijana wake Spencer, na huyo kijana ako na pumu mbaya, kila saa ni kukimbizwa imajensi.

Hapa ndio nataka mtulie. Siku moja Carol hakuji kazi juu mtoto amezidiwa. Melvin anakuja anapata amewekewa weita mwingine, anawasha fujo mpaka anafukuzwa, na wateja wanapiga makofi akitoka. Mtu wa kawaida angetafuta hoteli ingine. Yeye anatafuta mahali Carol anaishi, anamgongea mlango, kumuuliza atarudi kazi lini juu yeye ako na njaa. Halafu akiona hali ya mtoto anaenda kwa mama wa kampuni inayochapisha vitabu vyake, ambaye bwanake ni daktari, na daktari anatumwa Brooklyn mpaka kwa nyumba. Daktari anakaa chini. Anauliza maswali polepole. Anaitisha vipimo mtoto hajawahi kupimwa maisha yake yote. Carol anauliza hii kitu itakuwa ngapi, anaambiwa itakuwa nyingi, lakini bili inaenda kwa Bwana Udall.

Sasa niambieni. Hapo kuna mapenzi ama kuna mteja amelipia huduma yake ya asubuhi? Mi nasema ni ya pili, na ndio maana naipenda hii muvi kuliko zote za aina yake, juu haidanganyi.

Alafu hiyo ni bili ya kwanza tu. Bili ya pili ni ya Simon. Wezi wanamvamia kwake, anapigwa mpaka uso unashonwa, hana bima, akitoka hospitali hana kitu, hata nyumba inaenda. Ndio inabidi aende Baltimore kuomba wazazi wake pesa, Melvin anawekwa dereva, na Melvin anaomba Carol awasindikize. Hiyo safari ndiyo inawaweka wote watatu kwa gari moja. Hakuna bili, hakuna safari, hakuna mapenzi. Nibisheni.

ronga_express

Buda umeandika insha ya kuficha kitu kimoja. Huyo ni sponsa. Nimegugo sai, Nicholson alizaliwa 1937, Helen Hunt 1963, hiyo ni miaka 26. Huku tungekuwa tunaita mubaba na screenshoti zimejaa kwa grupu. Lakini juu ni Marekani na kuna piano nyuma tunaambiwa ni mahaba.

mteja_wa_nyuma

@ronga_express sponsa anataka kitu. Huyu alitaka mayai. Kuna tofauti kubwa.

ronga_express

Leo ni mayai.

mama_South_B

Nimesoma hapa nikaona ni wanaume wanabishana kuhusu nani alilipa na kwa nini, hakuna amemwongelea Carol mwenyewe. Wacha niseme kama mtu amelea mtoto peke yake hii Nairobi.

Kuna sini mmeruka nyinyi wote. Daktari ameshakuja, mtoto ameanza kupumua vizuri, mathake analia kwa furaha. Carol afanye nini? Anatoka usiku, mvua inanyesha, anapanda basi kutoka Brooklyn mpaka kwa Melvin, anafika akiwa amelowa chapachapa, nguo zimemshika mwili, na kitu anakuja kusema ni moja: mimi sitalala na wewe. Kamwe. Watu hucheka hapo. Mi sikucheka. Hiyo ndiyo hesabu kila mwanamke hufanya akisaidiwa na mwanaume pesa kubwa, unashukuru mdomoni na kichwani unauliza hii itadaiwa lini na itadaiwa vipi. Wengi wetu hatuendi kuuliza. Tunanyamaza tu tukingoja siku meseji itaingia saa tano usiku "umelala?"

Yeye alienda kuuliza mapema, mlangoni, akitetemeka. Na mzee, na mdomo wake wote ule, hakudai. Alikuwa hajui hata atasema nini. Hapo ndio mi niliona kunaweza kuwa na kitu. Si pale daktari alikuja.

Na kabla ya huyo mzee kuna kijana mwingine, handsam, wa rika lake, alikuja deti mpaka kwa nyumba. Mtoto akatapika, Carol akachafuka, kijana akaaga akaenda zake. Huyo ndiye mnataka? Umri ulilingana lakini.

chai_rangi

@mama_South_B dada hapo umenipiga. Lakini umeona umenisaidia pia? Hata hiyo sini ya mvua imeletwa na bili. Haendi kumwambia hivyo juu amemkatia, mzee hajarusha hata mstari mmoja. Anaenda juu kuna deni kwa chumba na hakuna mtu ametaja bei.

nesi_wa_usiku

Nikiwa kwa upande wa hospitali acha niongee kidogo kuhusu mtoto, juu hii ndio sehemu ya muvi iko karibu na ukweli kuliko hata mapenzi.

Daktari akikaa na Carol anamuuliza kama huko imajensi walishawahi kumfanyia mtoto kile kipimo cha ngozi cha aleji, ile ya kukwaruza ngozi kidogo unaangalia inavimba wapi. Carol anasema aliuliza, akaambiwa bima yake hailipii na pia si lazima. Daktari anashangaa, na Carol anapasuka anatukana kampuni za bima matusi mazito mbele ya daktari na mbele ya mathake, halafu anaona haya anaomba msamaha. Iliandikwa sana wakati ule, watu kwa kumbi za sinema Marekani walikuwa wanashangilia hiyo laini.

Sasa njoo wodi yetu Julai, ile baridi ya Nairobi na vumbi na moshi wa makaa kwa nyumba. Mtoto analetwa usiku kifua kinapiga filimbi, anawekewa mashine ya mvuke, asubuhi anapewa inhela ya buluu ya kufungua kifua, anaenda. Baada ya muda ni yule yule. Ya buluu inafungua tu. Haitibu ule uvimbe wa ndani wa mirija. Kuna ile ya kuzuia, inavutwa kila siku hata kama mtoto anacheza na hana shida, na hiyo ndiyo mzazi akiulizwa anasema iliisha na pesa ikaisha nayo, ama jirani alimwambia mtoto atazoea. Kwa hivyo Spencer hakuhitaji miujiza. Alihitaji mtu akae chini afuatilie, apate ni nini kinamchokoza, aandikiwe dawa sawasawa, na mtu alipe. Dakika chache za muvi zimesema hiyo kitu vizuri kuliko posta zetu za ukutani.

Kitu kimoja tu sikupenda, mtoto amepona haraka sana akaanza kucheza mpira. Pumu haiondokagi hivyo, inatulizwa.

mteja_wa_nyuma

Nesi asante. Swali kwa wote: kama Carol angekuwa na SHA, hii bima yetu ya afya ya serikali?

nesi_wa_usiku

Usinitafutie kazi ingine hapa 😂

ronga_express

SHA imeanza Oktoba 2024, mimi payslip inakatwa asilimia 2.75 kila mwezi na bado grupu za mchango WhatsApp ziko pale pale na peibili zake. Kwa hivyo Carol angetengenezewa grupu, "Friends of Spencer", adimini ni shangazi, na Melvin angetuma mia tano halafu atoke kwa grupu bila kusema kitu.

mama_South_B

Hapo umemsoma vizuri kabisa 😂😂 na angetuma saa nane usiku.

kanjo_mstaafu

Vijana shikamooni kwa kelele. Mimi niliiona hii filamu kwa kanda ya video wakati mlikuwa hamjazaliwa wengine, na kuna mambo mmeyapita.

Machi 1998 kwa Oscar, Titanic ilichukua tuzo 11 ikiwemo filamu bora. Lakini mwigizaji bora wa kiume na wa kike zote mbili zilienda kwa hii, Nicholson na Hunt. Na Hunt siku hiyo alishindana na wanne, wote Waingereza, Judi Dench, Kate Winslet, Julie Christie na Helena Bonham Carter. Mmarekani alikuwa yeye peke yake na watu wa nyumbani walimjua zaidi kwa komedi ya televisheni. Kwa Nicholson ilikuwa ya tatu, na ya pili pia alikuwa ameipata 1984 kwa filamu ya director huyo huyo Brooks. Yaani huyo Brooks anajua kumshika.

La pili, kuhusu matusi. Mimi sikuyafurahia hata siku ile. Anamtukana yule wakala wa Simon, Cuba Gooding Jr., kwa rangi yake, na tunatakiwa tucheke juu ni mgonjwa. Ugonjwa wa kuhesabu kufuli haukufundishi kudharau rangi ya mtu. Hiyo ni tabia. Walichanganya vitu viwili wakampa mzee tiketi ya bure, na hapo mleta uzi umemhurumia sana.

wa_basi_ya_mwisho

@kanjo_mstaafu marahaba mzee wangu, asante sana kwa kusema hiyo. Mtu wetu wa karibu ako na OCD na ni mtu mpole kupita maelezo. Yeye huchoka na mikono yake mwenyewe, anajua ni safi na bado anarudi sinki. Hajawahi kumtukana mtu.

Lakini kuna kitu hii muvi imefanya sawa na nataka niitetee. Haikusema mapenzi yamemponya. Melvin alikuwa ameacha dawa, anasema wazi anachukia tembe. Alirudi kwa tembe. Hiyo ni tofauti kubwa sana na zile muvi dame anakumbatia msee mgonjwa na kesho yake amepona. Huku kwetu ukisema unaenda kuona daktari wa akili watu wanakuuliza umetoka Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, lini, wanaleta pasta aje aombee nyumba. Ningependa watu wengi waone mtu mzima akisema nilianza kumeza dawa juu kuna mtu nilitaka kuwa sawa mbele yake.

chai_rangi

Sasa mmefika mahali nilitaka tufike, ile dina ya Baltimore. Kama hamjaona muvi nzima tafuteni hiyo sini peke yake.

Wanaingia restoranti ya maana, Carol amevaa gauni jekundu, amependeza, ametoka kwa maisha ya tre na mtoto usiku mmoja. Mlangoni Melvin anaambiwa lazima koti na tai. Wako nazo za kuazimisha. Yeye avae koti limevaliwa na nani sijui? Anatoka mbio kutafuta duka anunue lake, Carol anangoja. Anarudi amevaa, anaketi, na kitu cha kwanza anasema ni kwamba haelewi vipi yeye amelazimishwa kununua suti na Carol wamemwacha aingie na gauni la kushinda nalo nyumbani.

Manze nilifunika uso. Dame anasimama kuondoka. Anamwambia, niambie kitu kizuri kimoja kunihusu sasa hivi. Na Melvin anazunguka, anaagiza chakula kwanza, anaanza na stori ya daktari wake na tembe na jinsi anachukia tembe, unakaa unajiuliza huyu mzee anaelekea wapi. Halafu anasema usiku ule ulikuja kwangu ukaniambia hutawahi kulala na mimi, asubuhi yake nilianza kumeza dawa. Carol haelewi, anauliza hiyo inanisifu vipi. Anajibiwa kwamba yeye ndiye anamfanya atake kuwa mwanaume bora.

Mmeona imetoka wapi? Si kwa siku ya daktari. Ni siku ya mvua, siku alikataliwa mlangoni. Kwa hivyo @mama_South_B una haki na mimi pia nina haki, bili ilifungua mlango, lakini kile kitu kilimshika mzee ni mtu aliyesema deni lako nimeliona na mwili wangu hauko kwa hesabu. Mtu wa kwanza kumwekea mpaka bila kumkimbia.

Alafu bila shaka anaharibu tena dakika hiyo hiyo, anasema moja ya sababu alimleta ni kuwa alifikiri labda atalala na Simon. Simon ambaye ni shoga! Carol anamwacha na sahani.

mama_South_B

Na anaenda wapi? Kwa chumba cha Simon, anakaa kando ya bafu anatayarisha kuoga, na Simon ambaye hakuwa amechora tangu apigwe anachukua penseli. Anachora mpaka asubuhi. Hiyo mi naona ni mapenzi zaidi ya yale mengine, na hakuna mtu analala na mtu. Simon akiamka hataki hata pesa za wazazi tena.

mteja_wa_nyuma

Kumbe muvi ni ya Simon.

kanjo_mstaafu

Ni ya mbwa.

ronga_express

Sawa mmenishawishi nusu. Nauliza kitu kingine, kwa nini hatufanyi yetu? Mzee anaandika stori za mapenzi za simu, anaishi Kileleshwa ghorofa ya nane, anakula kwa kibanda kimoja tu huko chini, chapo mbili madondo, na anabeba kijiko chake kwa mfuko. Mathe wa kibanda anatoka Kayole. Siku moja kibanda hakijafunguliwa.

wa_basi_ya_mwisho

Na lazima apande matatu kumtafuta. Mtu wa OCD kwa nganya ya Kayole saa kumi na mbili jioni. Kiti kimefungwa na waya, konda anamrudishia chenji ya noti zenye jasho. Hapo muvi imeisha, mzee ameshuka Donholm.

nesi_wa_usiku

Daktari anatumwa na boda, analipwa kwa simu, na jirani wote wa ploti wako kwa ngazi wanauliza kama anaweza kuwapima presha.

mama_South_B

Hiyo ya jirani ni kweli tupu. Na keateka anataka kujua hiyo gari ya nani.

chai_rangi

Shida yenu itakuwa mwisho. Kwa muvi mzee anaenda kwa Carol saa kumi usiku, wanasema twende tutembee kidogo tu, kuna bekari inafungua karibu, tutanunua mikate ikiwa moto ili tuonekane tuna sababu ya kuwa nje. Wanatembea, anakanyaga matofali ya njia bila kujua amekanyaga. Sasa nyinyi saa kumi usiku Kayole mnatembea kwa miguu mnaenda wapi?

ronga_express

Kungoja mandazi ya kwanza kwa steji. Mi naona inaweza.

kanjo_mstaafu

Mtapigwa ngeta kabla ya mandazi.

mteja_wa_nyuma

Wangojee saa kumi na moja na nusu, matatu za kwanza zikianza kuita. Kuna watu barabarani na unga umeshaanza kuingia kwa mafuta.

mama_South_B

Na alipe yeye mandazi, mathe. Si mzee.